Buibui Asiye Buibui



Si mara nyingi walimu kupenda kuandika habari za makosa yao. Makosa ya wanafunzi twayaona upesi, twayatia alama ya wino mwekundu, nayo hutupatia kazi ya kila siku. Walakini leo twataka kuwaeleza kosa letu wenyewe, tulilolifanya hapa Kisaki usiku mmoja wa masika katika nyumba ya jirani yetu. Kosa hilo lilitokana na mambo mawili: kwanza hatukujua kupambanua wadudu wawili wanaofanana, pili hatukutaka kuonekana kuwa hatujui. Jambo la kwanza ni dogo, na dawa yake ni kutazama. Jambo la pili ni ugonjwa, na dawa yake ni chungu zaidi.

Mtu akitoka mjini Morogoro akashika njia ya kusini, akaipita Matombo na Mvuha, milima ya Uluguru ikiwa mkono wake wa kuume, mwisho hushuka katika nchi tambarare ya Wakutu. Hapo ndipo Kisaki, karibu na mto Mgeta. Ni mahali penye habari nyingi. Mwaka 1857 Burton na Speke walipumzika Zungomero, si mbali na hapa, walipokuwa wakienda kutafuta maziwa makubwa ya bara. Mwezi wa Septemba 1916 majeshi yalipigana hapa katika Vita Kuu ya Kwanza. Na katika miaka ya 1970 ikajengwa reli ya TAZARA ipitayo hapa. Lakini habari zetu za leo si za misafara wala za majeshi. Ni habari za watembeao kwa miguu minane.

Wakati wa masika mto hufurika, majani hurefuka, na kila kiumbe kisichopenda maji hutafuta pakavu. Pakavu pao ni nyumbani kwetu. Huja jongoo, huja mende, huja kumbikumbi, na nyuma yao huja wale wanaowala.

Usiku huo tulikuwa tumekwisha kulala tuliposikia sauti mlangoni.

"Hodi, hodi, Mwalimu! Utuwie radhi kwa kukuamsha. Mtoto ameumwa na mdudu, nasi tumempata mdudu mwenyewe."

Tukavaa, tukaenda. Mtoto wa kike wa miaka sita alikuwa amepakatwa na mama yake, akilia kwa sauti kubwa na kuushika mkono wake. Mkono haukuvimba sana, lakini ukiguswa kidogo tu alipiga kelele. Ndugu yake mkubwa, mwanafunzi wetu wa darasa la nne, alishika tochi. Sakafuni, karibu na mkeka, baba alikuwa amempiga mdudu kwa kandambili. Mwili wake ulikuwa mdogo kama punje ya mbaazi, na miguu yake ilikuwa myembamba kama nywele, mirefu kupita kiasi. Mguu mmoja ulikuwa umekatika, nao ulikuwa bado ukichezacheza peke yake.

"Ndiye," tukasema, wala hatukuinama. "Huyu ni buibui wa sumu. Hawa wa miguu mirefu ndio wabaya kuliko wote."

Maneno hayo tulipata kuyasikia kwa mtu, naye aliyasikia kwa mtu, wala hatukumwuliza yeyote ameyapata wapi. Lakini tuliyasema kwa sauti ile ile tunayoitumia ubaoni, na watu wote wa nyumba ile wakatikisa vichwa, kwa kuwa ni mwalimu aliyesema.

Yule mwanafunzi alikuwa amechuchumaa na tochi yake. Akasema pole pole, "Samahani, Mwalimu, lakini huyu hana kiuno."

"Hana nini?"

"Hana kiuno, Mwalimu. Buibui wana kiuno, kama nyigu. Huyu ni kidonge kimoja tu. Na hapa juu mgongoni ana kinundu cheusi."

Tukamjibu, "Je, wewe ndiwe utakayemfundisha mwalimu wako?"

Mtoto akainama, akanyamaza. Baba yake akamtazama kwa ukali, kisha akatuomba radhi kwa ajili yake. Nasi, wasomaji, tukaipokea radhi ile.

Kulipokucha mtoto alipelekwa kwenye matibabu, akapewa dawa ya kutuliza maumivu. Mkono ulimwaka siku nzima, kisha ukafa ganzi, na siku ya pili akaanza kucheza tena. Alipoulizwa na mwuguzi ameumwa na nini, baba alijibu, "Buibui, Mwalimu amethibitisha." Mchana tukaenda wenyewe kusaidia kusafisha nyumba. Tukawasha majani mabichi yatoe moshi, tukafunga mifagio katika miti mirefu, tukafagia dari na pembe zote za kuta. Buibui wengi walianguka siku ile. Tulimwona mmoja aliyekuwa ameshika mayai yake kinywani, yamefungwa pamoja kama kishada kidogo. Naye alipoanguka hakuyaachilia. Tukamfagia pamoja na mayai yake. Jioni tukasema kwamba sasa nyumba ni salama.

Sakafu hatukuigusa. Kwa nini tuiguse? Mwenye hatia alikuwa amekwisha kuhukumiwa na kuuawa.

Usiku wa tatu bibi wa nyumba ile, mama yake jirani yetu, aliamka kunywa maji. Mtungi ulikuwa kando ya mahali pale pale ulipotandikwa mkeka wa mtoto. Alipopeleka mguu karibu na mtungi akapiga ukelele, akaanguka. Yeye ni mzee sana. Jasho likamtoka mwili mzima, mate yakamjaa kinywani, moyo ukampiga mbio. Akapakiwa kwenye pikipiki, mtu mmoja nyuma akimshikilia, akapelekwa usiku ule ule katika njia ya matope. Akalazwa siku mbili, na siku ya kwanza watu walikuwa hawana hakika kama atarudi.

Yule mwanafunzi hakungoja kuambiwa. Aliuondoa mtungi mahali pake, na chini yake, katika udongo wa baridi, alikuwapo nge, mkia umeinuliwa.

Ndipo kila mtu akafahamu. Mtoto, katika usingizi wake, alinyosha mkono mpaka kwenye mtungi, akachomwa na nge. Nge akarudi chini ya mtungi wake. Yule wa miguu mirefu alikuwa akipita tu. Huenda aliingia jioni ile katika mkungu wa ndizi ambao baba aliuleta kutoka shamba la mtoni. Kama sisi tusingalisema "ndiye," watu wangaliendelea kutafuta, maana mtu asiyejua aliyemwuma hukung'uta mkeka, huondoa vyungu, hutazama kila mahali. Neno letu ndilo lililowafanya waache kutafuta. Bibi alichomwa na nge, lakini sisi ndio tuliomwekea nge yule siku tatu za raha.

Watu hawakutulaumu. Jirani yetu alisema tu, "Mambo ya Mungu haya, Mwalimu." Ingalikuwa afadhali kama angalitulaumu.

Tangu siku hiyo tukaanza kutazama. Tulinunua kioo cha kukuzia vitu vidogo, na likizo ilipofika tulikwenda Matombo kwa shemeji yetu, tukapanda naye mpaka kwenye ukingo wa msitu. Huko, kwenye majabali yenye maji na chini ya magogo yaliyooza, tuliwaona wale wa miguu mirefu, wazima, tukaketi nao kwa saa nyingi. Shemeji alidhani tumepatwa na jambo. Hayo tutakayoeleza sasa mengine tuliyaona kwa macho, mengine tuliyasoma baadaye katika vitabu vya wataalamu.

Kiswahili cha kila siku huwaita wote buibui. Tukitaka kuwatenga, hapa tutamwita yule aliyeuawa bure "Kidonge", kwa heshima ya yule mtoto aliyempa jina hilo kwanza. Kidonge si buibui. Wote wawili wana miguu minane, na kwa hiyo wamo katika kabila moja kubwa pamoja na nge, kupe na utitiri; lakini kuwa wa kabila moja si kuwa mtu mmoja. Kupe naye ana miguu minane, wala hakuna amwitaye buibui.

Alama ya kwanza ni kiuno. Buibui ana mwili wa sehemu mbili: mbele kichwa na kifua pamoja, nyuma tumbo, na katikati pamebanwa sana, kama vibuyu viwili vilivyounganishwa kwa kikonyo. Kidonge hana mbano huo. Sehemu zake zimeungana kwa upana, hata aonekana punje moja iliyotiwa miguu. Alama hii yatosha peke yake, nayo ndiyo aliyoiona mtoto wa darasa la nne kwa mwanga wa tochi.

Ya pili ni macho. Buibui walio wengi wana macho manane, wengine sita, yamepangwa mbele ya kichwa. Kidonge kwa kawaida ana macho mawili tu, nayo yamewekwa juu ya kinundu mgongoni, moja likitazama kuume na moja likitazama kushoto, kama mlinzi wa shamba aliyepanda juu ya dungu.

Ya tatu ni uzi. Buibui wote hutoa uzi, hata wale wasiofuma tando za kutegea. Kidonge hana uzi kabisa. Ukimwona mdudu wa miguu mirefu amening'inia katika utando wake, usiulize zaidi: huyo ni buibui. Ukimwona anatembea ukutani au juu ya majani, wala hana utando, mtazame kiuno.

Ya nne ni sumu. Karibu buibui wote wana sumu ya kuulia mawindo yao, ijapokuwa walio wengi hawawezi kumdhuru mtu. Kidonge hana sumu wala meno ya kuchomea sumu. Silaha yake ni harufu: pembeni mwa mwili wake, karibu na miguu ya mbele, ana vifuko viwili vya maji yanukayo. Tulimshika mmoja kule Matombo, tukanusa vidole. Harufu ilikuwa kali, wala haikutoka upesi.

Ya tano ni namna ya kula. Buibui hatafuni. Humtia windo wake maji ya kumeng'enya, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Kidonge huuma vipande vidogo akavimeza. Hula wadudu wadogo, na mizoga ya wadudu, na uyoga, na matunda yaliyopondeka. Kwa hiyo yeye ni mmoja katika wafagiaji wa msitu.

Ya sita ni miguu yenyewe. Kidonge hutembea, lakini miguu yake ya pili, iliyo mirefu kuliko yote, huitumia kama fimbo ya kipofu, akigusagusa njia iliyo mbele yake. Akishikwa mguu, aina nyingine huuacha mguu zikaenda zao, na mguu ule hubaki ukirukaruka kitambo, adui akautazama huo badala ya kumfuata mwenyewe. Lakini hupoteza kweli, kwa sababu mguu wake haumei tena. Buibui mchanga akipoteza mguu, huweza kupata mwingine abambuapo ngozi yake. Basi ule mguu uliokuwa ukicheza sakafuni usiku ule ulikuwa ushahidi mbele ya macho yetu, ila hatukujua kuusoma.

Yuko pia buibui wa kweli anayefanana sana na Kidonge, naye ndiye aliyetuponza. Ni yule wa nyumbani, wa rangi ya majivu au ya udongo, mwenye miguu mirefu, akaaye kichwa chini katika utando usio na mpango pembeni mwa dari. Ukimgusa utando hujitikisa kwa nguvu mpaka asionekane vizuri. Jike lake huchukua mayai kinywani. Ndiye yule tuliyemfagia. Wataalamu humweka katika jamii ya Pholcidae. Mfano huu uliwashangaza hata Wazungu zamani: mmoja wa jamii hiyo, aliyepewa jina mwaka 1775, aliitwa *phalangioides*, maana yake afananaye na Phalangium, na Phalangium ndilo jina ambalo Linnaeus wa Sweden alimpa Kidonge mmoja mwaka 1758. Buibui huyu wa dari hula mbu na nzi, na hata buibui wengine. Hamdhuru mtu.

Wako wengine wawili ambao watu huwachanganya nao. Wa kwanza ni mdudu bapa, mweusi au wa kahawia, akaaye chini ya magome, mapangoni, na pengine katika nyumba za zamani. Ana mikono miwili yenye miiba mbele, na miguu yake ya kwanza ni mirefu mno kama mijeledi. Hiyo haitumii kwa kutembea bali kwa kupapasa. Anatisha kwa sura, lakini hana sumu wala uzi, na jike lake huwabeba watoto mgongoni. Wa pili ni yule arukaye usiku kuifuata taa, mfano wa mbu mkubwa sana. Huyo ana miguu sita na mabawa mawili, basi si wa kabila hili hata kidogo, naye haumi.

Twapenda kusema neno juu ya majina, maana majina huonyesha jinsi watu walivyotazama. Wataalamu huwaita akina Kidonge Opiliones, jina alilolitoa Sundevall mwaka 1833, kwa Kilatini maana yake wachungaji wa kondoo. Waingereza huwaita watu wa mavuno, kwa kuwa kwao huonekana wengi majira ya kuvuna. Wajerumani huwaita watumishi wa mfumaji, nao hawafumi chochote. Basi si sisi tu tuliowadhania kuwa wana kazi ya buibui. Aina zao zilizokwisha kuandikwa duniani zapita 6,500. Za buibui zilifika 50,000 mwaka 2022. Nao ni watu wa kale sana: katika mawe ya Rhynie, huko Scotland, wameonekana Vidonge waliogeuka jiwe zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na umbo lao tayari ni hili tunaloliona.

Tena tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya mbali. Milima tunayoiona kutoka Kisaki kukiwa hakuna mawingu inajulikana ulimwenguni kote kwa viumbe vidogo visivyopatikana mahali pengine. Mwaka 1926 Arthur Loveridge wa Chuo Kikuu cha Harvard alikusanya wanyama Uluguru na Usambara. Mwaka 1992 Nikolaj Scharff wa Copenhagen alichapisha kazi yake juu ya buibui wadogo wa jamii ya Linyphiidae wa Afrika ya Mashariki, naye alifanya kazi Uluguru pia. Mwaka 2003 Bernhard Huber alieleza jamii nzima ya buibui wa miguu mirefu wa misitu ya milimani ya Afrika ya Mashariki, akaiita Buitinga. Na mmoja katika hao jina lake ni *kadogo*. Watu hao wametoka mbali, wakapanda milima yetu katika mvua, wakapiga magoti na vioo vyao ili kuhesabu viuno na macho. Nasi tuliokuwa na mdudu miguuni petu hatukuinama.

Juu ya ule uvumi kwamba wa miguu mirefu ana sumu kali kupita wote duniani, ila meno yake ni mafupi hayawezi kupenya ngozi, twasema wazi kuwa si kweli. Kidonge hana sumu yoyote, na yule buibui wa dari sumu yake ni hafifu kwa mtu. Uvumi huu umeenea katika nchi nyingi, wala kuenea kwake hakuufanyi kuwa kweli.

Walakini tusije tukatoka katika kosa moja tukaingia katika jingine, tukasema kwamba hakuna buibui wa kuogopa. Wako wachache. Mmoja ni buibui wa kahawia wa jamii ya Latrodectus, mwenye tumbo la mviringo na alama ya rangi ya machungwa chini yake, ambaye vifuko vyake vya mayai vina vijiba kama miiba. Hukaa chini ya viti, katika matundu na vyombo visivyotumiwa. Huyo asishikwe. Na nge ndiye wa kuangaliwa zaidi katika nyumba zetu, hasa wenye watoto wadogo na wazee. Wakati wa masika tukung'ute mikeka na viatu, tuinue mitungi, tusirundike kuni karibu na mahali pa kulala. Mtu akichomwa asichanjwe kwa wembe, wala asifungwe kamba ya kukaza. Apelekwe kwenye matibabu upesi, na zaidi akitoka jasho jingi, au mate, au akipumua kwa shida. Na watakaobaki nyumbani waendelee kutafuta, hata kama mwalimu amekwisha kusema.

Sasa yabaki neno moja. Tuliporudi kutoka Matombo tulikuwa na Kidonge mmoja mzima katika chupa yenye majani mabichi, na kioo chetu mfukoni. Njiani tulipanga maneno mengi mazuri. Tulipofika darasani maneno yote yalipotea. Tukaiweka chupa mezani, tukasema hivi: "Katika masika mwenzenu alisema kweli mbele yetu, nasi tukamnyamazisha. Kwa ajili hiyo bibi yake nusura afe. Yeye alitazama, sisi hatukutazama. Leo atafundisha yeye, nasi tutaketi."

Tukaketi katika dawati la nyuma, na magoti yetu hayakuenea. Mtoto alisimama muda mrefu bila kusema. Kisha akachukua kioo, akawaita wenzake wawili wawili, akawaonyesha kiuno kisichokuwapo, na kinundu cha macho. Mmoja akamwuliza, "Basi kama si buibui, ni nani?" Akajibu, "Sijui. Lakini si buibui." Jibu hilo sisi katika miaka yetu yote ya kufundisha tulikuwa hatujapata kulitoa mbele ya darasa: kusema lile unalolijua, na kukomea pale unapoishia.

Jioni tulikwenda kwa bibi. Alikuwa ameketi barazani akichambua mboga, mguu wake umenyoshwa. Tukamwamkia shikamoo, tukamweleza yote, hata ule usemi wetu kwa mjukuu wake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza tumemwamkia. "Nilijua. Mtoto aliniambia usiku ule ule."

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Na mimi nilikuona wewe ndiwe mwalimu."

Kisha akaendelea kuchambua mboga zake. Hatukuwa na la kujibu, tukaketi tukamsaidia mpaka giza likaingia.

Katika chumba tunamoandikia maneno haya, pembeni mwa dari, yuko buibui mmoja wa miguu mirefu na mayai yake kinywani. Tumemwacha. Mbu si wengi kama zamani. Na kila jioni kabla ya kulala twauinua mtungi, twatazama chini yake.